Ukuta wa Makosa

Jumatano, 4 Machi

Daktari Mkuu katuita wote kwenye ukumbi wa kusubiria asubuhi, kabla wagonjwa hawajajaa. Nikadhani ni yale yale ya usafi wa vyoo. Kumbe! Kadi za karatasi zinaondoka. Mwisho wa mwezi wa sita, basi. Kila kitu kwenye kompyuta. Na wasioiweza kompyuta "watapangiwa majukumu mengine". Akanitazama mimi. Jukumu lenyewe tunalijua — chumba cha kufulia mashuka.

Miaka ishirini na miwili nipo masjala ya zahanati hii. Nitajie jina lako, kadi yako nimeshaitoa kabla hujamaliza kukohoa. Leo nimeitikia kwa kichwa na kutabasamu pamoja na wenzangu, kana kwamba ni habari njema.

Ukweli, na daftari hili hakuna anayelisoma: kompyuta siijui. Barua pepe za kazini ananijibia binti yangu nikimsomea kwa simu. Kuchapisha namwomba yule wa maabara, namwambia printa yangu imeisha wino. Mwaka wa nne sasa imeisha wino!

Binti yangu nimemwambia jioni. Hakunionea huruma hata chembe. Kasema kuna watu wanakutana kila Jumamosi mchana juu ya duka la vifaa vya ujenzi, wanafundishana mambo ya kompyuta, hawachagui mtu. Nikasema mimi na umri huu nikakae na watoto wa chuo? Kasema basi nenda kafue mashuka, Mama. Huyo ndiye niliyemzaa kwa uchungu.

Jumamosi, 7 Machi

Bado sijarudi kwenye akili yangu.

Nimekwenda nimevaa gauni la sherehe. Mtu akienda kuaibika, bora aaibike kapendeza. Nikatarajia vijana wenye miwani. Mlango kanifungulia mwanamke kavaa ovaroli, grisi hadi kwenye viwiko. Nikamuuliza mkuu wa hapa yuko wapi. Mkuu ndiye yeye! Kazi yake kutengeneza majokofu, wenyewe wanamwita Fundi Friji. Hajasoma chuo chochote. Kajifunza kuandika programu kwenye meza yake ya kazi, katikati ya mitambo ya watu, miaka sita, Jumamosi kwa Jumamosi.

Ndani watu kama kumi na watano. Mwalimu mstaafu, chaki haijamtoka kwenye vidole. Kinyozi wa mtaa wa pili, nywele za wateja zimemganda kwenye fulana. Nikakaa nyuma karibu na mlango, mkoba mapajani, tayari kukimbia.

Kisha wakaanza, na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Hawaanzi na somo. Wanaanza na makosa! Wana projekta inayomulika ukuta mweupe, na kila mwenye kosa la wiki analiweka pale watu wote walione. Kwa hiari yake! Kinyozi kasimama wa kwanza. Kajitengenezea programu ya kupanga zamu za wateja, ikawapanga watu kumi na tisa wote Jumapili saa nne kamili. Wakaja wote kumi na tisa. Mmoja wao bwana harusi! Watu wakacheka mpaka machozi, na yeye ndiye aliyecheka kuwashinda. Kisha wakamtafutia lilipo kosa, mstari mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyemsimanga.

Ningekuwa mimi ningehama mji.

Fundi Friji kaniambia wana sheria moja tu. Ukikwama, uliza hadharani. Humfuati mtu chemba. Unaandika kwenye kundi la simu, wote waone, maana ulichokwama wewe kuna mwenzako kakwama pia na anaona haya. Nikaitikia. Moyoni nikasema, mimi? Labda mkinifunga kamba.

Jumatatu, 9 Machi

Nimeuliza!

Nimekaa na simu mkononi mapumziko yote ya chakula. Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Swali lenyewe la aibu: nikichapa neno katikati, linameza yaliyo mbele yake. Miezi mingi nakomaa na hilo. Nikatuma, nikaifunika simu kwa kadi, nikaenda kunywa maji.

Kurudi — majibu sita. Mwalimu Mstaafu kasema kuna kitufe nimekigusa bila kujua, nikiguse tena. Nikakigusa. Basi! Na dada mmoja wa duka la dawa kaandika asante mama kwa kuuliza, mimi nimeteseka na hilo mwaka mzima. Mwaka mzima! Mtu wa duka la dawa!

Kinyozi kaandika: karibu kwetu, wajinga wenzio tupo.

Jumamosi, 14 Machi

Leo nimetengeneza kitu kinachofanya kazi.

Kinyozi kakaa pembeni yangu saa mbili nzima. Kila nikitaka ashike yeye anarudisha mikono mapajani: wewe mwenyewe, mama. Nimeandika majina ya ndugu zangu kumi na mmoja na miaka waliyozaliwa. Halafu mistari minane ya maelekezo. Nikaiuliza kompyuta jina la shangazi. Ikamtoa shangazi! Nikaiuliza mjomba. Mjomba huyo hapo! Nikapiga ukelele chumba kizima kikageuka, nikadhani nitafukuzwa, wakapiga makofi.

Kinyozi kauliza kwa nini nimechagua kutafuta majina. Nikamweleza kazi yangu, kadi na droo zake. Kasema basi jina lako hapa ni Mama Kadi. Limeshanata.

Nimelia kwenye ngazi wakati wa kushuka. Miaka ishirini na miwili naitwa "yule wa masjala".

Jumatano, 18 Machi

Siku tatu nimekuwa nachapa kadi za kweli. Droo ya kwanza yote, kadi mia mbili na kumi na mbili. Jina, umri, mtaa, ugonjwa, na namba ya simu ya ndugu wa karibu. Mapumziko nachapa, mchana wagonjwa wakipungua nachapa. Vidole vimevimba.

Leo nikamwita Daktari Mkuu dirishani. Nikamwambia taja jina lolote la droo ya kwanza. Akataja. Kadi ikajitokeza kwenye kioo kabla hajafunga mdomo. Kauliza nani kakuandikia hii. Nikasema nimejiandikia. Kauliza tena! Kisha, haya ni maneno yake, kasema mfumo mpya utahitaji msimamizi wa ndani na alikuwa anafikiria kuajiri mtu wa nje. Alikuwa anafikiria. Kwaheri mashuka!

Binti yangu kapiga kelele kwenye simu. Nimemwambia asitangaze bado.

Alhamisi, 19 Machi

Kidogo niadhirike. Kuna wagonjwa wawili wa jina moja, mama wa miaka sitini na binti wa ishirini, na programu inamtoa yule mama tu. Daktari akimpa mmoja dawa za mwenzake? Nikawaandikia kundini. Wakauliza maswali, nikajibu, hawakuelewa. Kinyozi kaandika: Mama Kadi, weka kila kitu ghalani tuone, la sivyo tunapapasa tu.

Ghala ni pale kwenye mtandao wanapoweka kazi zao, kila mtu anaona kazi ya kila mtu. Nikaweka kila kitu mchana saa tisa. Nikawa nimefuata sheria kama ilivyo.

Dakika ishirini hazikuisha, Kinyozi kapata. Tatizo ni kuwa natafuta kwa jina. Nitafute kwa namba ya kadi, majina yafanane yanavyotaka. Nikajaribu. Mama huyu, binti yule! Nimerudi nyumbani naimba njiani, watu wananiangalia.

Ijumaa, 20 Machi

Mungu wangu.

Saa nne asubuhi simu. Fundi Friji. Hapigi simu huyu, kila kitu chake hadharani. Kauliza taratibu: Mama Kadi, yale majina uliyoweka jana, uliyatunga au ni watu wa kweli? Nikasema wa kweli, si mlisema niweke kila kitu?

Kisha kasema yafute sasa hivi, na usikate simu.

Sikuelewa. Nilidhani ghala ni letu. La kikundi, la watu kumi na tano wa ghorofani! Kumbe ghala halina mlango. Yeyote duniani mwenye mtandao anaingia. Majina mia mbili na kumi na mawili na magonjwa yao, uwanjani, tangu jana saa tisa. Mimi! Mimi ambaye nikiita jina la mgonjwa dirishani hushusha sauti!

Nikafuta. Nikamwambia yametoka. Kasema hayajatoka, ghala linatunza kila kilichowahi kuwekwa, hata ukifuta, ili mtu akiharibu aweze kurudi nyuma. Lazima kulibomoa ghala zima. Kaniongoza kitufe kwa kitufe. Wagonjwa wanagonga dirisha, mimi nasema subirini, jasho linadondoka kwenye vitufe. Likabomoka.

Kabla halijabomoka alishaangalia walioshusha nakala. Watatu tu, wote wa kwetu. Yeye mwenyewe, Mwalimu Mstaafu, na Kinyozi aliyelipata lile kosa. Nikashukuru nikakaa chini.

Mchana nikazipitia kadi moja moja, nijue nimewafanyia nini akina nani. Kadi namba themanini na nane. Mwanamke wa mtaa wa pili. Namkumbuka vizuri, alikuja peke yake mwezi wa kwanza, akaniomba dirishani, mama, mume wangu asijue kwanza, nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu. Nikamwapia. Ugonjwa wake siuandiki hata hapa.

Ndugu wa karibu: mume. Nikaitazama namba ya simu. Naijua namba ile. Naiona kila siku kundini.

Ni mke wa Kinyozi!

Nimekaa sakafuni masjala, mlango nimefunga, mpaka yule wa maabara akaja kuuliza kama nimezimia.

Jumamosi, 21 Machi

Nilitaka nisiende. Binti yangu hajui kitu, kaniuliza mbona hujavaa. Nikavaa.

Fundi Friji kasimama wa kwanza kwenye ukuta, kabla yangu. Kaandika kwa herufi kubwa: tulimwambia mgeni aweke kila kitu, sikumwambia nini asiweke kamwe. Kasema kosa la kwanza ni langu na sheria yetu ina tundu. Sikutarajia. Nilikuja nimejiandaa kusutwa.

Kisha mimi. Nikasimama, taa ya projekta machoni, nikasema nimemwaga siri za wagonjwa mia mbili na kumi na wawili. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Mstaafu kafungua kompyuta yake mbele ya wote, kafuta nakala, katuonyesha patupu. Fundi Friji vile vile.

Tukamgeukia Kinyozi. Kasema kompyuta yangu ipo saluni, ndiyo inayopanga wateja wa leo, nitafuta nikirudi. Usiwe na wasiwasi, Mama Kadi, mimi niliendesha programu tu, majina sikuyasoma. Kasema kwa uzuri, kama kawaida yake. Nikavuta pumzi. Halafu kauliza, lakini hao watu ni wa wapi?

Ningesema nini? Nikasema wa hapa hapa. Mtaa wetu na wa pili.

Kasema, aa. Basi. Na kwa nusu saa iliyobaki hakutania mtu.

Sikuweza kumkazania. Nikimkazania atajua kuna kitu. Nisipomkazania, ile nakala iko mezani kwake, abonyeze mara mbili tu aisome! Sijawahi kumwogopa mtu mwema kiasi hiki.

Jumatatu, 23 Machi

Nimekwenda kwa Daktari Mkuu na barua ya kukiri nimeiandika mwenyewe, nimeichapa mwenyewe, nimeiprinti mwenyewe. Nilijua ndiyo kwaheri. Nikaomba kitu kimoja tu kabla ya kufukuzwa: tuwapigie wagonjwa wote, tuwaambie.

Kaisoma. Kainuka, kafunga mlango. Kauliza umeshafuta? Ndiyo. Nje ya hicho kikundi kuna anayejua? Hapana. Kachana barua vipande vinne.

Kachana!

Kasema basi yamekwisha. Kasema tukiwapigia watu tutazua taharuki bure, zahanati itafungwa, na hao wagonjwa watakwenda wapi? Nilikuwa nimeanza kumwelewa. Kisha kasema usimamizi wa mfumo ni wangu kuanzia tarehe mosi, ofisi ile yenye dirisha la bustanini, mradi mdomo ukae mahali pake. Nikifungua mdomo, itabidi atoe taarifa juu, na jina la kwanza kwenye taarifa litakuwa langu. Kaniwekea mkono begani. Kaniita mama, mara ya kwanza toka anijue.

Nilikwenda kufukuzwa, nimerudi na cheo. Nimekaa masjala nimekodoa macho. Laiti angenifokea.

Jumanne, 24 Machi

Fundi Friji kapita saluni jana jioni. Kinyozi kamwambia ameshafuta. Hakumwonyesha. Fundi kasema anamwamini. Na mimi namwamini! Ila Jumamosi hakutania mtu.

Mchana nimeandika kundini, bila jina la mtu, bila zahanati, bila Daktari: aliyemwaga siri ya mtu kwa bahati mbaya, na pengine mwenyewe hatajua kamwe, amwambie au anyamaze?

Fundi Friji kajibu kuwa mwaka mmoja alijaza gesi mbovu kwenye majokofu kumi na moja bila kujua. Alirudi nyumba kwa nyumba. Wanne walimtukana, mmoja alimwachia mbwa. Kasema mteja akigundua mwenyewe ni makosa mawili.

Mwalimu Mstaafu kaandika aya ndefu, sikuimaliza, maana chini yake palikuwa na Kinyozi. Siku nne alikuwa kimya. Kaandika: aambiwe. Mimi ningetaka kuambiwa, na aniambie yule aliyepaswa kuniambia.

Nimeisoma labda mara thelathini. Anaongelea nini? Anaongea kama mtu yeyote angeongea? Au anajua? Nimeiweka simu mbali, nimeifuata, nimeisoma tena. Mgonjwa dirishani kaniuliza kama nimefiwa.

Jumatano, 25 Machi

Saa saba mchana. Dirisha la masjala nimelifunga, nimebandika karatasi "Nakuja". Daktari Mkuu yuko kwenye kikao mjini. Orodha iko mbele yangu, majina mia mbili na kumi na mawili, na kalamu ya kuweka alama. Ofisi ya bustanini niliipitia asubuhi. Wameshapaka rangi. Nzuri kweli. Nimeifunga mlango.

Nilitaka nianze na kadi namba moja, kwa utaratibu. Huo ni woga tu. Naanza na themanini na nane, kwa namba yake mwenyewe iliyo kwenye kadi ya karatasi, si ile ya mume.

Inaita.

Kapokea! Naandika simu iko begani, mkono usipokuwa na kazi nitaikata. Kasema shikamoo mama, kumbe kanikumbuka sauti. Yuko saluni, ndiye anayekaa na daftari la wateja. Nyuma yake nasikia mashine ya kunyolea. Nikamwambia mwanangu, mimi ni karani wa masjala, napiga kwa kosa langu mwenyewe, si la mtu mwingine, nina jambo la kukwambia kuhusu kadi yako. Kashusha sauti. Kauliza, kadi yangu imefanya nini?

Mashine ya kunyolea imenyamaza.

Namsikia Kinyozi. Ile sauti yake ya kuniambia wewe mwenyewe, mama. Anamwita mkewe kwa jina, polepole. Anamwambia weka simu kwanza, njoo ukae hapa.

Kaniambia subiri mama, mume wangu ananiita, yuko kwenye kompyuta. Nikasema usiende kwanza. Mwanangu, usiende kwanza, nisikilize —